Mama Hatarudi Jioni

Kwa Fundi Cherehani,
Chumba cha mbele, mkabala na kinyozi.
Jumatano, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Nakusalimu kwanza, na naomba salamu yangu uijibu kwa ukweli, si kwa ile "nzuri tu" yako ya kwenye simu. U mzima? Kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi kimeachia? Unakaa chini kula, au bado unakula umesimama kama mtu anayefukuzwa? Nilishakwambia chakula cha kusimama kinaishia miguuni, ukacheka. Cheka tu, lakini ukae.

Sisi huku miili haijambo. Mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani, lakini huo ni mgongo wa kazi, nao haulalamikiwi. Kaka yako Redio naye mzima ukimtazama. Amenenepa kidogo. Nywele zimeota mpaka juu ya kovu, ila hapo zimeota nyeupe, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara anazipunguza kwa uangalifu kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Sababu ni mbili. Ya kwanza, simu inakaa chumba cha mbele na Redio anashinda humo humo, na mimi siwezi kumzungumzia mtu huku ananitazama. Ya pili ni wewe mwenyewe. Mtandao wako huwa mzuri kabisa mpaka nimtaje Mama. Hapo ghafla unaanza kukatikakatika. Barua haikatiki, mdogo wangu. Utaisoma hadi mwisho, hata ikikuchukua siku mbili.

Habari ndogondogo kwanza. Cherehani ya kukanyaga nimeifunga mota, kwa hiyo magoti yamepumzika, masikio ndiyo yanateseka. Sare za shule zimekuwa nyingi muhula huu. Paa la jikoni limezibwa. Kinyozi amenunua kiti kipya kinachozunguka, na kwa wiki nzima watu wazima walikuwa wanakwenda kunyolewa ndevu ambazo hazipo.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Najua mengi ya kaka yako umeyapata vipande vipande, na vipande vingine ulivikataa, kwa hiyo acha nianzie mwanzo.

Unakumbuka tulimwita Redio tangu utotoni, kwa sababu hakuna habari ya nyumba hii iliyowahi kupoa kabla hajaitangaza kwa majirani. Jeshi nalo, bila kumuuliza yeyote kati yetu, likampa kazi ya mitambo ya mawasiliano. Mama alicheka mpaka akakaa chini, akasema angalau sasa atalipwa kwa umbea wake. Halafu gari lao likakanyaga bomu barabarani. Alirudi na mikono miwili na miguu miwili, tukashukuru, tukamchinjia kuku. Hatukujua kwamba kilichovunjika kiko ndani, mahali ambapo bendeji haifiki.

Ya zamani yote anayo. Atakuambia rangi ya baiskeli ya Baba, na jinsi ulivyomeza kifungo ukiwa na miaka minne na Mama akakesha anakisubiri. Ya leo ndiyo hayakai. Ukimwambia jambo asubuhi, mchana limeshamwagika. Mikono yake inakumbuka kuliko kichwa. Nimempa kazi ya kupiga pasi sare, na suruali zake zina mikunjo iliyonyooka kuliko zangu, lakini usimuulize ni za nani.

Mama alipofariki, kazini kwako walikunyima ruhusa. Hilo sikulaumu na sitakulaumu, ingawa waliosema asiyekuwepo na lake halipo hawakukosea. Redio alikuwepo. Alibeba jeneza, mbele, upande wa kulia, na hakuyumba hata tulipofika penye utelezi. Kesho yake asubuhi akatoka chumbani amejifunga taulo, akakitazama kile kigoda kando ya cherehani yangu, alichokuwa akikalia Mama kushona vifungo, akaniuliza Mama yuko wapi.

Nikamwambia. Alilia kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Na alipomaliza kulia akauliza jambo lililoniuma kuliko kilio chenyewe. Aliuliza yeye alikuwa wapi siku ya mazishi. Alidhani ameukimbia msiba wa mama yake mzazi.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Kila asubuhi nilikuwa nampiga mtu yule yule kwa fimbo ile ile, naye kila asubuhi ananipa mgongo mpya. Wengine walinishauri nimwambie Mama amesafiri. Nilishindwa. Mama hakuwa mtu wa kusafiri bila kuaga, na Redio analijua hilo vizuri kuliko anavyojua leo ni siku gani. Ukubwa ni jalala, walisema wahenga, na kweli kila takataka ya nyumba hii imeangukia kwangu. Lakini hii sikujua hata niimwage wapi.

Ndipo tukapata watu wa hospitali ya wanajeshi. Wana utafiti wao kwa wanajeshi wastaafu walioumia ubongo. Wanataka kujua kama mtu ambaye kichwa chake hakishiki jambo jipya anaweza kufundishwa, na kama anaweza, afundishweje ili asaidike nyumbani na si pale hospitalini tu. Anayeuongoza ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, anavaa raba na anatembea bila kusikika. Redio alimwita Mwalimu siku ya kwanza, nami nikafuata.

Chumba chao zamani kilikuwa stoo ya mashuka, bado kinanukia sabuni. Kina meza ndefu, saa kubwa ya ukutani, kalenda ya kuchana, na kila mlango wa kabati umebandikwa karatasi ya kueleza kilichomo. Dirisha linatazama kamba za kufulia. Tunakwenda mara mbili kwa wiki, na siku nyingine Mwalimu anatupa kazi ya kufanyia nyumbani, mimi nikiwa ndiye mwanafunzi mbovu.

Kuna mgonjwa mwenzake Redio pale, tunamwita Sajenti, jitu kubwa lenye mikono kama makoleo. Huyo ukienda chooni na kurudi, anasimama kukusalimia upya. Yeye na Redio wanatambulishana kila wiki, wanaulizana vikosi, wanagundua kwamba wote wanachukia maharage ya jeshi, wanashikana mikono kwa furaha. Kila wiki wanajuana upya na kila wiki wanapendana. Mke wa Sajenti na mimi tumezoea kukaa pembeni tukiwasikiliza, tunacheka, kisha mmoja wetu anaacha kucheka kwanza.

Sheria kubwa ya Mwalimu ni hii: mgonjwa asibahatishe. Sisi tumezoea kupimana. Mtu akimtembelea mgonjwa, jambo la kwanza ni "Unanijua mimi nani? Hebu taja jina langu." Mwalimu anasema kwa mtu kama Redio hilo ni sumu. Wewe ukikosea unakumbuka kwamba ulikosea, unajirekebisha. Redio hakumbuki kwamba alikosea, lakini kosa lenyewe linabaki. Mimi nilielewa haraka kwa sababu ni kama hariri: sindano ikipita pasipo pake, hata ukifumua uzi tundu linabaki. Kwa hiyo anapewa jibu kwanza. Anaulizwa papo hapo, kisha baada ya muda kidogo, kisha muda unaongezwa polepole. Akionyesha kusitasita, humwachi atafute, unampa tena.

Mwanzoni hakuna kilichoshika. Mwalimu alijaribu nyimbo, alijaribu picha, alijaribu kumwandikisha. Nilishaanza kukata tamaa kimoyomoyo. Halafu siku moja mlinzi alipita koridoni, redio yake ya mkononi ikaita na kutoa habari, na kaka yako akakaa wima kwenye kiti kama aliyeguswa na umeme. Akasema, "Nimepokea. Gari la maji, geti la nyuma." Tukacheka. Mwalimu peke yake hakucheka. Alingoja, akaongea habari nyingine kabisa, akampa chai, kisha akamuuliza ni gari gani limefika. Redio akamjibu kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jina lake, kwamba ni la maji na liko geti la nyuma.

Tangu siku hiyo habari zote anapewa kwa namna ya redioni. Ujumbe mfupi, sauti moja, hakuna mapambo. Anaurudia neno kwa neno kisha anasema amepokea. Mwalimu anasema kazi ile aliifanya miaka mingi mpaka ikatengeneza njia yake kichwani, na njia hiyo bomu halikuifikia.

Baada ya hapo kila familia ikaambiwa ichague ujumbe mmoja wa kuanzia, maana kufundisha mmoja kunachukua majuma. Mke wa Sajenti alichagua jiko la gesi, lizimwe kabla ya kutoka nje, kwa kuwa walishanusurika mara mbili kuungua. Mwingine alichagua njia ya kwenda msalani. Mimi nikasema nataka ajue Mama amefariki.

Mwalimu akasema hilo si langu kuamua peke yangu, na mwenye kichwa lazima aulizwe. Akamuuliza Redio bila kumtaja Mama: kama kuna habari mbaya ambayo unaisahau na kuisikia upya kila siku, ungependa uijue moja kwa moja, au usiambiwe kabisa? Redio akajibu, "Ujumbe ukikaa njiani unaua watu. Nipeni." Mwalimu hakuridhika. Akamuuliza tena siku nyingine, na nyingine, na nyingine, Redio akiwa hakumbuki hata kidogo kwamba alishaulizwa. Kila mara alijibu kitu kile kile, karibu kwa maneno yale yale. Mwalimu akasema hajawahi kuona mtu mwenye akili timamu akikubali jambo mara nyingi hivyo.

Maneno ya ujumbe niliyatunga mimi. Niliyapima kama ninavyopima kitambaa kichache. "Mama amefariki. Ulibeba jeneza mwenyewe. Tulimzika vizuri." Hilo la jeneza nililing'ang'ania, ili asijiulize tena alikuwa wapi. Siku za kwanza alilia katikati ya kuurudia, na mimi nikalia naye, na Mwalimu akageukia dirishani kuangalia mashuka ya watu. Lakini tuliendelea. Polepole ujumbe ukaanza kushika. Kuna asubuhi alitoka chumbani, akakitazama kigoda, midomo ikacheza, akasema mwenyewe bila kuulizwa: Mama amefariki.

Sasa nakuja kwako, mdogo wangu. Kama umesimama, kaa.

Jumapili ile uliyopiga simu nilikuwa uani naanua nguo. Redio akapokea, na unajua yeye hutumia spika kwa ajili ya sikio lake lililozibwa na ule mlipuko. Nikamsikia dirishani akikupa ujumbe. "Mama amefariki. Nilibeba jeneza mwenyewe. Tulimzika vizuri." Ulikuwa mzima, bila kukosea, na wewe ndiye mtu wa kwanza wa nje kupewa. Moyo wangu ulijaa, Kitinda. Nilisimama na shati la maji mkononi nikingoja jibu lako.

Ukamwambia, "Usiseme hivyo, kaka. Mama ametoka tu. Atarudi jioni."

Na yeye akajibu, "Nimepokea."

Sijui kama unaelewa ulichofanya. Jioni ile alitoa kiti nje, akakaa mlangoni akitazama barabara, kwa kuwa Mama akitoka huwa na kapu na yeye ndiye wa kumpokea kapu. Kinyozi alifunga, taa zikawaka, mimi nikamwita ndani, akasema ngoja kidogo. Asubuhi akatoka, akakitazama kigoda, akasema yote kwa sauti ile ile iliyonyooka: Mama amefariki, nilibeba jeneza mwenyewe, tulimzika vizuri, atarudi jioni.

Jioni akatoa kiti tena.

Nilipompeleka hospitalini akamsomea Mwalimu hivyo hivyo, na la mwisho likiwemo. Mwalimu akaweka kalamu chini. Sikukutaja mbele ya watu. Nilisema ni ndugu yetu aliye mbali, na mke wa Sajenti akanishika goti chini ya meza. Nilikasirika mno. Nilikuandikia barua usiyoiona, na shukuru hukuiona, maana niliichana mwenyewe. Ilikuwa na maneno ambayo Mama asingeyaruhusu mezani.

Nikataka kumwambia Redio kwamba amekosea. Mwalimu akanikataza. Ukimwambia "si kweli kwamba atarudi," alisema, yeye atabaki na "atarudi." Tundu halizibwi kwa kulichokonoa. Ilibidi tushone juu yake. Tukaongeza neno moja mwishoni, na neno hilo lilitakiwa litoke kwa mtu anayemsikia kutwa, yaani mimi. "Mama amefariki. Ulibeba jeneza mwenyewe. Tulimzika vizuri. Hatarudi."

Nimelisema hilo neno, Kitinda. Nimelisema nikipika, nikipima watoto wa watu mabega, nikitia uzi kwenye sindano. Nimelisema alipokuwa ameshika kiti tayari kukitoa nje. Hatarudi. Hatarudi. Mtu mwingine anaambiwa neno hilo siku moja ya mazishi, na tena kwa kuzungushwazungushwa. Mimi nimemwambia kaka yangu uso kwa uso asubuhi mpaka jioni, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, maana ikipanda ujumbe unaharibika. Kuna siku nilihisi kwamba ni mimi ninayemzuia Mama asirudi.

Na likashika. Kiti kimekaa ndani sasa. Asubuhi anatoka, anakitazama kigoda, anasema ujumbe wake wote hadi neno la mwisho, kisha anachomeka pasi kwenye umeme. Halii. Haulizi. Mwalimu na wenzake walifurahi sana, walimpima mara kadhaa kwa sauti za watu tofauti, wakapongezana, na mmoja alinipa mkono akasema hii itasaidia wengi. Nami nilifurahi, nakuapia. Halafu nikaenda chooni, nikafungua bomba ili nisisikike.

Nitakueleza kwa nini, na usinicheke. Ile miezi yote nilidhani nalia kwa kumwonea huruma yeye. Kumbe kila asubuhi nilikuwa na mtu wa kulia naye. Msiba wa watu wengine ulipoa, majirani wakarudi kwenye shughuli zao, wewe mtandao ukakatika, lakini mimi kila siku nilikuwa na mwenzangu aliyefiwa asubuhi hiyo hiyo. Sasa amepona kilio, nimebaki peke yangu na msiba wangu kama mgeni asiyeondoka. Nilimuuliza Mwalimu kama Redio bado anaumia mahali tusipopaona. Hakunidanganya. Alisema vipimo vyao vinaonyesha anajua. Kama anahuzunika, vipimo havifiki huko.

Lililonifanya nishike kalamu lilitokea juzi. Nilikuwa nakimbizana na oda ya mashati ya shule. Nimemaliza kola, nimekata uzi kwa meno, na macho yangu yakiwa bado kwenye cherehani nikanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye kigoda, nikasema, "Mama, shika, vifungo." Kama siku zote. Miaka yote hiyo mkono ule haukuwahi kurudi na shati.

Mkono ukabaki hewani.

Redio alikuwa kwenye meza ya pasi. Akaisimamisha pasi vizuri, akanigeukia, akasema kwa ile sauti yake ya kazini: "Mama amefariki. Nilibeba jeneza mwenyewe. Tulimzika vizuri. Hatarudi." Akangoja. Mimi nikawa kimya. Kwa sheria zao za redioni, ujumbe usiojibiwa hurudiwa. Akaurudia wote. Akangoja tena. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Umepokea?"

Nilikuwa nimelisema neno lile mara ngapi, mdogo wangu, na mimi mwenyewe sikuwa nimeambiwa. Hakuna aliyeniambia. Mimi ndiye nilikuwa wa kuwaambia wengine.

Nikasema nimepokea. Halafu nikaweka kichwa juu ya cherehani na kulia kilio ambacho sikukilia makaburini, kwa sababu makaburini nilikuwa nahesabu viti na kuangalia chakula kama kitatosha. Baada ya muda nikasikia mkono wake begani. Alikuwa ameshasahau. Akaniuliza kwa upole nalia nini. Nikamwambia nimepata habari mbaya. Akasema, "Pole, dada. Pole sana." Akakaa kwenye kigoda cha Mama, akalishika lile shati magotini mpaka nilipomaliza.

Kisha nikalivuta kopo la vifungo upande wangu. Mashati ya wiki tatu yalikuwa yamelundikana bila vifungo, wateja wananinunia, nami nikiwapa visingizio vya uzi. Nimevishona vyote kwa mikono yangu. Havijanyooka kama vya Mama, lakini vimeshika.

Sasa sikiliza ombi langu. Hasira zimeisha. Nimeshajua kwamba Jumapili ile hukuwa unamdanganya Redio. Ulikuwa unajiambia mwenyewe, na huko uliko hakuna kigoda kitupu cha kukusuta. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe umeficha muda mrefu.

Mwalimu anataka kujua kama ujumbe utasimama Redio akimpa mtu anayempenda na aliye mbali. Jumapili hii ukipiga, yeye ndiye atakayepokea. Atakuambia ujumbe wake unaoujua sasa. Usimpoze, usimbishie, usimtafutie kingine cha kusema, na mtandao usikatike. Mjibu neno moja tu. Akikusikia kimya atarudia, na atarudia, kwa hiyo usimchoshe kaka yako.

Kinyozi anakusalimu, anasema kiti kinachozunguka kinakungoja. Mke wa Sajenti anakusalimu bila kukujua. Sajenti mwenyewe alikutumia salamu, akasahau, akatuma tena, kwa hiyo una za kwake mbili. Redio anapiga pasi hapa mbele yangu. Nimemwambia namwandikia Kitinda, akauliza kama umeshatoa kile kifungo.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi, na akulete nyumbani ungali na nguvu za kucheka. Na kabla sijakunja karatasi, pokea na wewe wako, nimeupima kwa kipimo chako: Mama amefariki. Jeneza upande wako alishika kinyozi, nami nilimwambia ashike kwa jina lako. Tulimzika vizuri. Hatarudi.

Umepokea?

Wako akupendaye, hata siku ya kuchana barua,

Dada.